Sura ya Sita: Mashine ya Vibao Chini ya Jua la Hombolo

Februari 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Operesheni ya Anwani za Makazi. Barabara zote nchini zilitakiwa kuwa na majina na kila nyumba kuwa na namba kabla ya Sensa ya Agosti 23 mwaka huohuo. Halmashauri zikajikuta zinahitaji vibao kwa maelfu ndani ya miezi michache. Mafundi wa kuchomelea walikesha wakikata nguzo, waandishi wa mabango walikesha na brashi na stensili, na wenye mashine za stika walikesha wakikata namba mojamoja.

Ukitaka kuelewa biashara ya vibao katika Tanzania ya kati, anza hapo. Wengi wanaofikiria kununua mashine kubwa ya kuchapa kwa wino wa UV, yaani unaogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno, huanza na picha ya bango refu la barabarani lenye sura ya msanii na chupa ya soda. Lakini kazi iliyoijia Dodoma tangu Serikali ilipotangaza Julai 2016 kuhamia huko, kisha mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018, na Mji wa Serikali wa Mtumba ukafunguliwa Aprili 2019, ni ya aina nyingine. Ni kibao cha mlango wa ofisi, mshale wa kuelekeza maabara, namba ya nyumba, jina la zahanati, tangazo la “Hatari, umeme mkubwa”, ubao wa mradi wenye jina la mkandarasi na chanzo cha fedha. Ni vitu vidogo, vigumu, vingi, na kila kimoja kina maandishi tofauti na mwenzake.

Hiyo tofauti ndiyo inayoifanya mashine ya UV istahili kufikiriwa. Kwa uchapaji wa skrini, kila muundo unataka fremu yake. Ukiwa na namba 300 za nyumba, fremu moja haikufikishi popote. Mashine ya kidijitali husoma orodha kutoka kwenye jedwali la kompyuta na kuchapa namba 1 hadi 300 bila kusimama, moja kwa moja juu ya foreksi (ubao mwepesi wa plastiki), akriliki, alukobondi (ubao wa plastiki uliofunikwa kwa alumini) au bati lililopakwa rangi. Hakuna stika ya kubandika, wala pembe ya kuanza kubanduka baada ya masika ya kwanza. Wino hutoka ukiwa majimaji, na taa inayosafiri pamoja na kichwa cha printa huugandisha papo hapo. Kibao kikitoka mezani unaweza kukifunga kwenye gari dakika hiyohiyo.

Sasa twende Hombolo. Ni eneo la Jiji la Dodoma, kilomita 40 hivi kaskazini mashariki mwa katikati ya mji. Ina bwawa lililojengwa mwaka 1957, Chuo cha Serikali za Mitaa, kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana kwa mtama, mashamba ya zabibu, na kiwanda cha mvinyo cha CETAWICO. Ni mahali pazuri pa kuifanyia hesabu mashine hii, kwa sababu pana wateja halisi na pana magumu yote ya nyanda za kati: jua, vumbi, ukavu, na umbali kutoka kwa fundi. Mashine itakayofaa Hombolo itafaa Bahi, Kongwa, Manyoni na Singida.

Muuzaji atakuonyesha kwanza kasi. Atakuambia mashine hii inachapa mita za mraba 30 kwa saa, na ile 50. Usimjibu. Chukua kalamu.

Mashiti yetu mengi huja kwa kipimo cha futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44. Shiti moja ni karibu mita za mraba 3. Tuseme umekopa, na marejesho ni shilingi 3,000,000 kwa mwezi. Mwendeshaji umlipe 600,000. Umeme uwe 300,000. Weka kando 400,000 kila mwezi kwa ajili ya kichwa cha printa kitakachokufa siku moja, maana kitakufa. Jumla ni 4,300,000. Hizi ni namba za mfano, wewe weka zako. Tuseme tena kila shiti, ukishatoa gharama ya mali na wino, inakubakizia 70,000. Gawanya. Unahitaji mashiti 62 kwa mwezi ili tu usidaiwe, kabla hujala hata shilingi moja ya faida.

Mashiti 62 ni mita za mraba 185 hivi. Mashine ya wastani, ikichapa kwa ubora unaoweza kumpa mteja wa wizara bila kuona aibu, itakwenda mita za mraba 10 kwa saa. Kazi yote ya mwezi inakwisha kwa saa 19. Siku mbili na nusu! Siku zilizobaki mashine inakungoja wewe ulete kazi. Anayelipia kasi ya 50 wakati hana hata mashiti 62 ananunua muda wa mashine kukaa bure.

Kwa hiyo kasi iwe swali la mwisho. La kwanza ni kama una mashiti 62. Kama huna, usinunue mashine mwaka huu. Chukua oda, peleka kuchapwa mjini kwa mwenye mashine, wewe ubaki na kukata, kuunda fremu, kusafirisha na kusimika. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona karakana nzuri zikifungwa kwa madeni, zenye mafundi wenye mikono ya dhahabu, eti kwa kuwa mwenyewe alitaka kumiliki kila hatua ya kazi. Kusimika kibao vizuri, kikasimama wima miaka 10 kwenye upepo wa Dodoma, ni kazi yenye faida, na wapinzani ni wachache.

Tuchukulie oda unazo. Sasa umbo la mashine. Yako matatu. Kuna mashine ya roli, inayochapa turubai na stika. Kuna mashine ya meza, ambayo shiti hulala tuli na kichwa hupita juu yake. Na kuna mseto, wenye mkanda unaovuta roli na shiti pia. Mseto huvutia sana machoni: kifaa kimoja, kazi zote. Kwa Hombolo ninaukataa. Mkanda wake unapaswa kuvuta shiti zito kwa unyoofu kamili, na shiti likipinda hata milimita moja, rangi nyeupe ya chini na rangi za juu hazikutani. Vumbi likiingia kwenye mkanda na rola zake, usahihi huo hauishi. Mashine ya roli nayo itakuingiza katika vita ya bei na mashine za wino wa solventi zinazochapa mabango ya turubai kwa bei ya kutupa, vita ambayo huwezi kushinda. Mtu akitaka turubai la harusi au la mkutano wa kampeni, mpeleke kwa hao.

Inabaki meza. Kipimo kinachoitwa 2513, yaani mita 2.5 kwa 1.3, kinabeba shiti zima bila kulikata. Kidogo zaidi, cha sentimita 60 kwa 90, kinatosha vibao vya milango, namba za nyumba, ngao za zawadi na maboksi ya mbao ya kuwekea mvinyo. Yule ambaye mashiti yake 62 yanaundwa na vipande vidogo vitupu asione haya kuchukua hii ndogo. Inahitaji chumba kidogo, umeme kidogo, na kichwa kimoja au viwili tu vya kuhudumia.

Kichwa ndicho moyo wa ununuzi huu, na hapa inafaa tusimame. Mashine nyingi zinazouzwa kutoka China, ziwe na jina lolote ubavuni, hubeba vichwa vya watengenezaji wachache: Epson, Ricoh, Konica Minolta, Kyocera. Kichwa cha Epson i3200 kina matundu 3,200, kinachapa kwa matone madogo sana na picha yake hupendeza, na bei yake ni nafuu ukilinganisha na vya viwandani. Kichwa cha Ricoh Gen5 kina matundu 1,280 tu, mwili wake ni wa chuma kisichoshika kutu, kina hita ndani yake ya kuweka wino katika joto moja, na kinaweza kurusha tone kutoka juu kidogo zaidi bila kupoteza shabaha. Kwenye maonyesho, cha kwanza kitashinda kwa picha ya ua waridi. Karakanani kwetu, shiti la foreksi lililokaa juani sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, na kusafiri juu ya lori hufika limejikunja pembeni. Kichwa kinachopita milimita mbili juu ya shiti lililoinuka milimita tatu hugonga. Kikigonga, matundu yamekwenda, na fedha yako pia.

Kwa kibao kinachosomwa kutoka hatua tano, hakuna mteja atakayetambua tofauti ya ukubwa wa tone. Tofauti atakayoitambua ni kazi kuchelewa wiki tatu kwa sababu kichwa kipya kinatoka ng’ambo. Ukiweza, chagua kichwa cha viwandani. Ukishindwa kwa bei, chukua cha Epson toleo la wino wa UV, na ununue kichwa cha akiba siku hiyohiyo unayonunua mashine. Kikae kabatini. Mashine isiyo na kichwa cha akiba karibu huku ni mashine nusu.

Halafu taa. Mashine za zamani zilitumia taa za zebaki: hula umeme mwingi, hutaka muda wa kupasha moto, hutoa joto linalokunja foreksi nyembamba, na taa ikivunjika una sumu sakafuni. Taa za LED, zinazotoa mwanga wa nanomita 395 au karibu na hapo, huwaka na kuzima papo hapo, na hudumu maelfu ya saa. Mashine ya mtumba kutoka Ulaya yenye taa za zebaki itakuja kwa bei ya kushangaza. Iache huko.

Sasa nizungumzie jambo ambalo wauzaji huliacha makusudi. Wateja huambiwa kwamba chapa ya UV haipauki. Inapauka. Taa hugandisha wino tu. Kinachokabiliana na jua ni pigmenti iliyomo, na pigmenti nyekundu na ya njano huchoka mapema kuliko buluu na nyeusi. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na ardhi iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Miezi ya kiangazi haina wingu la kusaidia. Ahadi ya miaka miwili au mitatu nje, iliyoandikwa kwenye kopo la wino, mara nyingi imepimwa kwa jua la nchi za baridi. Hombolo usiirudie ahadi hiyo mbele ya mteja.

Fanya hivi badala yake. Kibao cha nje chenye ujumbe wa maana, kama jina la zahanati, kiwe na maandishi meusi au ya buluu iliyokolea, nyekundu ibaki kwenye pambo. Kifunike kwa vanishi au kwa filamu ya kukinga jua, na uitoze gharama hiyo waziwazi kwenye bei. Vibao vya usalama barabarani vinahitaji karatasi ya kuakisi mwanga pamoja na wino uliothibitishwa na mtengenezaji wa karatasi hiyo. Usivichape kwa wino wako wa kawaida hata kama mashine inaweza, kwa sababu dereva wa usiku anategemea rangi ile impe onyo. Na herufi zinazopaswa kuishi miaka 20, zichonge kwenye jiwe au chuma.

Vumbi lina mwenzake, nao ni ukavu. Watengenezaji wengi wanataka chumba chenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Alasiri ya Septemba Dodoma hewa iko chini ya hapo. Hewa kavu huzaa umeme tuli: ukivua nailoni inayofunika shiti la akriliki, shiti zima linakuwa sumaku ya vumbi, na matone ya wino yanapotoka kichwani huvutwa kando, maandishi yakawa na ukungu pembeni kana kwamba fundi alitetemeka. Watu hubadilisha kichwa, hubadilisha programu, hulaumu wino, kumbe ni hewa. Dawa yake ni chumba kilichozibwa vizuri chenye kiyoyozi na kifaa cha kuongeza unyevu, sakafu ya vigae badala ya sementi inayobanduka unga, na baa ya kuondoa umeme tuli iliyofungwa kwenye mashine yenyewe. Baa hiyo iulizie kabla ya kulipa. Ni nyongeza ndogo kiwandani na shida kubwa kuifunga baadaye.

Hapa kuna jambo la fundi umeme pia. Mashine lazima iwe na ethi nzuri, na udongo mkavu hupitisha umeme vibaya. Fimbo ya shaba iliyopigwa futi nne kwenye ardhi ya Hombolo mwezi wa Oktoba inaweza kuwa pambo tu. Fundi aje na kipimo, apime wakati wa kiangazi, achimbe shimo la kina, aongeze fimbo au aweke mchanganyiko unaoshika unyevu hadi namba ikubali.

Umeme ukikatika katikati ya chapa, shiti limeharibika. Hilo ni dogo. Kubwa ni kichwa kilichobaki wazi bila kurudi kwenye kifuniko chake. Wino huu hugandishwa na mwanga, na mwanga wa dirishani unatosha. Kwa hiyo printa isikae mkabala na dirisha, vioo vya chumba viwekewe filamu ya kuzuia mionzi, na kuwe na betri ya kutosha angalau kukirudisha kichwa nyumbani.

Wino mweupe una tabia yake. Weupe wake unatoka kwenye madini ya titani, mazito kuliko majimaji yanayoyabeba, na ukiachwa bila kuzungushwa hutulia chini kama tope. Mashine nzuri ina pampu inayozungusha wino huo hata usiku. Umeme ukikatika Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, Jumatatu utakuta mirija imeziba. Pampu hiyo haili umeme mwingi. Paneli moja ya sola juu ya bati, betri na inveta ndogo vinaitosha, na kwa nchi ya jua kama hii, kutofanya hivyo ni uzembe. Wala usidanganyike kununua mashine isiyo na nyeupe ili kuepuka usumbufu. Bila nyeupe huwezi kuchapa juu ya akriliki angavu, wala bati la rangi, wala ubao wa mninga.

Nyeupe na vanishi vinafungua pia kazi ambayo bado wachache wanaifanya. Ukirudia tabaka juu ya tabaka, wino huinuka hadi ukaguswa kwa kidole. Kwa njia hiyo unaweza kuchapa nukta nundu kwenye kibao cha mlango, kwa kipimo sahihi cha nukta. Katika mji uliojaa ofisi za umma, ambako mtu asiyeona ana haki ileile ya kuupata mlango wa afisa, hii ni kazi ya heshima na ni soko. Zipelekee taasisi sampuli, na ujisajili kwenye mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, kwa kuwa humo ndimo zabuni za serikali hupitia sasa.

Kuhusu afya nitasema kwa kifupi lakini nimaanishe. Wino usiogandishwa una kemikali zinazoamsha mzio wa ngozi, na mzio huo ukikupata haukuachi. Glavu za nitrili kila mara, miwani, feni ya kutoa hewa nje. Matambara na wino taka yakusanywe kwenye chombo chenye kifuniko, yakabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali. Eneo hili lina bwawa ambamo watu huvua samaki. Taka hizo zisiachwe zifuate mtaro.

Bado lipo swali la mali inayochapwa, na jibu lake linapatikana kwa wembe tu. Foreksi hupokea wino vizuri. Akriliki hutofautiana kiwanda hadi kiwanda. Kioo na chuma hutaka kupakwa dawa ya kushikisha kwanza. Bati jipya huja na mafuta yasiyoonekana, lifute kwa spiriti. Alukobondi inayokunjwa baada ya kuchapwa hupasuka wino kwenye kona, isipokuwa wino wenyewe ni wa aina inayonyumbuka. Kunja kwanza inapowezekana.

Ukienda kwa muuzaji, nenda na vipande vyako mwenyewe: foreksi ya Kariakoo, akriliki unayoinunua kila siku, bati la duka la jirani. Mwambie achape mbele yako, nyeupe chini na rangi juu. Ngoja saa 24. Chora mistari midogo ya kukatana kwa wembe, bandika selotepu juu yake, ikandamize, uing’oe kwa ghafla. Wino ukitoka na selotepu, utatoka na mvua. Vipande vilivyofaulu viwekwe juu ya paa Hombolo na vikae huko kiangazi chote, na vingine vibaki kabatini vya kulinganisha. Wakati unangoja, muulize muuzaji fundi wake yuko mji gani, kichwa cha akiba kiko ghala gani, wino wake una tarehe gani ya mwisho, na bei aliyokutajia imejumuisha ushuru, VAT ya asilimia 18 na usafiri wa kutoka bandarini au haikujumuisha. Majibu yote yawe kwa maandishi kabla ya malipo ya awali. Muuzaji anayekataa kuchapa kipande chako, mwache na mashine yake.